Wakili wa ardhi na madai ya kuachishwa kazi
Ndugu, umeuliza kama wakili aliyekuandalia mkataba wa kuuza kiwanja anaweza pia kusimamia madai yako ya kuachishwa kazi. Kisheria anaweza, kwa kuwa nchini Tanzania wakili huandikishwa kufanya kazi ya uwakili kwa ujumla, si kwa fani moja. Hata hivyo, ningekushauri umtafute aliyezoea mashauri ya kazi, kwani lako litaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupaswa kufikishwa ndani ya siku 30, ukomo ambao mtu aliyezoea hati miliki na mabaraza ya ardhi huenda asiukumbuke. Wakili wa jinai humhitaji, isipokuwa mwajiri amekufungulia shauri la wizi polisi.