Usilipe hiyo dola 100 kabla hujaliona deni kwenye karatasi

Dada, usilipe. Umeandika kwamba kampuni ya koleksheni, wale wanaokusanya madeni ya wengine, imekupigia Jumanne, inasema unadaiwa dola 1,275 za matibabu ya mtoto emajensi, yaani chumba cha dharura cha hospitali, na aliyepiga anataka uanze na dola 100 "kuonyesha nia njema". Unauliza kama utoe leo au usubiri mshahara wa Ijumaa, kama krediti, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, itaharibika, na kama deni linaweza kukukwamisha kwenye uraia. Nimesoma nikiwa mapumzikoni kazini, chakula kikanishinda. Hiyo "nia njema" ndiyo niliyoambiwa mimi.

Niko Louisville, Marekani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tulifika hapa Oktoba 2019. Februari 2022 simu ikalia asubuhi, nimetoka shifti ya usiku, sijalala hata saa moja. Mwanamke akataja jina langu lote, akauliza: umezaliwa 1 Januari? Nikasema ndiyo. Mliotoka kambini mnaijua tarehe hiyo. Wengi wetu karatasi zetu ziliandikwa 1 Januari kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Akasema, basi thibitisha tarakimu nne za mwisho za soshali (namba ya Social Security, ile ya utambulisho wako serikalini). Nikamtajia. Mimi nadhani nathibitisha, kumbe nampa, maana hakuwa nazo! Faili lake lilikuwa na jina linalofanana na langu na hiyo 1 Januari, basi. Palipobaki wazi nilipajaza mimi kwa mdomo wangu.

Akasema nadaiwa dola 2,300 za hospitali. Mke wangu alikuwa amejifungua mwaka uliotangulia, nikawaza labda kuna kitu bima iliacha. Sikuuliza hospitali gani, wala tarehe gani. Nikasoma namba za kadi ya benki, wakakata dola 50 palepale, kisha dola 150 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla dola 1,850. Hiyo ilikuwa pesa ya kubadilisha gari lililokuwa linazimika barabarani mke wangu akiwa na mtoto nyuma.

Shifti zilipopunguzwa nikaomba wanipunguzie malipo, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikaomba orodha ya huduma. Ikaja: upasuaji wa mguu wa kushoto, Indianapolis, Machi 2019. Machi 2019 nilikuwa Nyarugusu, kwenye foleni ya mgawo! Nikapiga simu, wakajibu kwamba nilikubali deni na nimelilipa mara 13. Hospitali nayo ikasema faili halipo tena mikononi mwao. Wakili wa msaada wa kisheria akaniambia sheria inatoa mwaka mmoja tu wa kuwashtaki tangu walipokukosea, na mwaka wangu ulikuwa umeshapita. Sijarudishiwa hata senti.

Mniwie radhi, kuna mtu nina hasira naye mpaka leo. Ni kaka mmoja wa jumuiya yetu, alitutangulia miaka tisa, Jumapili baada ya ibada anasomea watu barua zao. Nilimpelekea barua ya ile kampuni wiki ile ile ilipofika. Akaitazama juu juu, akasema: "Marekani hawabishani na deni, lipa kwanza utauliza baadaye." Barua hiyo bado ninayo. Sehemu ya chini kuna kipande cha kukata na kurudisha, na visanduku vya kuweka alama: deni hili si langu, kiasi si sahihi, sababu nyingine. Kisanduku kilichonihusu kilikuwa cha kwanza kabisa! Kama hujui kusoma barua ya mtu, sema hujui. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumpeleka mwenye watoto kulipia mguu wa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo sikiliza. Usikubali kitu kwa simu, usithibitishe soshali wala tarehe ya kuzaliwa, usitoe kadi. Wakipiga tena, sema neno moja: niandikieni. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977, ya wakusanya madeni, inawataka wakutumie taarifa ya deni kwa maandishi ndani ya siku 5 tangu walipowasiliana nawe mara ya kwanza. Ukishaipokea una siku 30 za kulipinga deni kwa barua, na ukishapinga lazima wasimame kudai mpaka wakutumie uthibitisho. Barua, dada, maana kupinga kwa simu hakuwasimamishi. Andika kwamba unapinga deni lote, unataka jina na anwani ya hospitali iliyokudai mwanzo, tarehe ya huduma, na kila huduma na bei yake. Ipeleke posta kwa "certified mail" yenye "return receipt" ili upate risiti ya kwamba imepokelewa, na ubaki na nakala. Kiingereza kikikusumbua, ofisi ya serikali ya kulinda wateja kwenye mambo ya fedha, iitwayo CFPB, ina mifano ya barua kwenye tovuti yake, unajaza tu.

Wakati unasubiri, piga hospitali yenyewe, kitengo cha bili, uombe mkalimani wa Kiswahili. Uliza kama mtoto alitibiwa kweli siku hiyo, na kama bima yake, iwe Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au nyingine, ilipelekewa bili. Mara nyingi bili hurudi kwa sababu ya herufi moja ya jina, na majina yetu unajua wanavyoyaandika.

Na hiyo dola 100 si ndogo. Deni likiwa la zamani, majimbo mengi yanahesabu malipo kidogo kama umelikubali, na muda wa kukushtaki mahakamani unaanza upya. Ijumaa mshahara ukiingia, usiuguse kwa ajili yao.

Barua yao ikifika, piga picha pande zote mbili, funika jina na namba, uiweke hapa. Natoka kazini saa tano usiku, nitaisoma kabla sijalala.