Gari Linagonga, Lakini Linagonga Lini?

Barua nyingi za wiki hii zinasema tu, "Gari linagonga mbele, ninunue nini?" Usinunue chochote. Niambie kwanza linagonga lini: kwenye tuta, kwenye shimo, kwenye kona au ukishika breki. Bila hayo, hata fundi aliye chini ya gari anabahatisha tu.

*Corolla 110 yangu inagonga kwenye mashimo, lakini kwenye matuta inanyamaza. Fundi anataka ninunue shokomzoba za mtumba. (Kondele, Kisumu)*

Funga mfuko, ndugu yangu. Shokomzoba iliyokufa hujitangaza: mafuta yamechuruzika mwilini mwake, au gari likivuka tuta linaendelea kunesa. Lako linanyamaza kwenye tuta kwa sababu magurudumu yote mawili hupanda pamoja, stabilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia) haisokotwi. Kwenye shimo gurudumu moja linashuka peke yake, na hapo linki iliyolegea (kijiti cha chuma kinachoshika stabilaiza) inapiga kelele. Mwambie afungue linki zote mbili za mbele, mzunguke mtaani polepole, maana kwenye kona gari litalala kuliko ulivyozoea. Kelele ikiisha, ni linki au bushi (mipira) za stabilaiza. Na shokomzoba zikija kuisha kweli, nunua mpya, mbili za mbele kwa pamoja. Ya mtumba imeshachakaa ndani ya gari la mtu mwingine, wewe unauziwa rangi yake.

*Kelele inakatika nikigusa breki. (Nakuru)*

Angalia pedi za breki na pini za kalipa, ile inayobana pedi. Shokomzoba ziache.

*Ka-ka-ka nikikata kona kali. (Kakamega)*

Sivii jointi, kile kiungo cha ekseli kwenye gurudumu. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Angalia kama mpira wake umepasuka na grisi imerukia rimu kwa ndani. Na kama umeinua gari kwa spesa ili lionekane refu, ziondoe: ekseli inafanya kazi ikiwa imepinda siku nzima, halafu mnalaumu spea.

*Bushi za mkono wa chini wa gurudumu nimebadilisha, zimepasuka upesi. Zikilia, fundi huzipulizia dizeli. (Bungoma)*

Dizeli hunyamazisha leo na kuozesha mpira kesho. Huyo fundi mnyang'anye chupa. Lakini nashuku kosa la kwanza lilifanyika siku ya kufunga. Wengi hukaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa, mpira wa bushi unabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo linausokota zaidi. Bolti zishikizwe tu kwanza, gari lishushwe likalie magurudumu yake juu ya mbao nene, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe kabisa. Simama hapo uangalie, dada, hata kama fundi atanuna.

*Boljointi ina mchezo, lakini fundi anasema itanifikisha Kisumu kutoka Nakuru. (Free Area)*

Hapana. Boljointi ndiyo kiungo kinachoshika gurudumu: ikichomoka, gurudumu linajikunja chini ya gari na usukani hauna kazi tena, nawe uko kwenye barabara ya Salgaa na malori nyuma yako. Panda matatu. Gari likae gereji, na kabla ya kulichukua, chungulia nati ya boljointi. Kama ni ya kufungiwa pini, iwe na pini mpya. Kipande cha seng'enge si pini.