Magari ya misuli ya Marekani: jibu kwa mdau anayetaka Chevelle ya 1970

Wakuu, na hasa wewe uliyeko Columbus, Ohio. Umesema umeonyeshwa Chevelle ya 1970, gari la Chevrolet la ukubwa wa kati, yenye milia miwili mipana kwenye boneti na beji za SS (Super Sport, toleo la nguvu), muuzaji anakuapia kuwa ina injini ya 454 yenye nguvu za farasi 450, na bei ameipandisha kwa sababu hiyo. Unauliza kama ni kweli, na kama gari la namna hiyo linastahili hela zote hizo. Hapo juu wadau wawili wameshakujibu kwamba hizi ni kelele tupu, Subaru ya lita 2 inaziacha. Mimi naishi Michigan, nimefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya kufufua magari ya enzi hizo, na ndinga hizi nazipenda kwa moyo wote. Naomba mnivumilie, jibu langu ni refu.

Nianze na Subaru. Kwenye barabara ya kona, ndiyo, itakuacha mpaka uisahau. Magari haya yalitoka kiwandani na matairi ya kizamani yasiyoshika lami vizuri, ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na mengi yalikuwa na breki za dramu mbele na nyuma. Dramu zikishapata moto, unakanyaga pedali na gari linazidi kwenda. Ndiyo maana kila mteja anayetaka kuongeza nguvu namwambia aanze na disiki za mbele, halafu matairi, injini tutaongea baadaye.

Lakini mwenye kupima gari hili kwa kona anapima kitu ambacho hakikuwa lengo lake. Injini ya inchi za ujazo 454 ni lita 7.4. Nguvu yake ya kuvuta inaanzia chini kabisa, injini ikiwa bado inanguruma polepole. Hungoji tabo iamke wala hungoji mizunguko ipande. Unagusa akseleta, pua inanyanyuka, mgongo wako unabanwa kwenye kiti.

Na ule mlio una sababu yake ya kifundi. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ya V8 ya Kimarekani (silinda nane, nne kila upande) ina vifundo vinne vilivyopishana kwa digrii 90, kwa hiyo milipuko haiendi kushoto-kulia, kushoto-kulia kwa usawa. Chukua mpangilio wa Chevrolet wa silinda kulipuka: 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko upande wa kushoto, namba shufwa upande wa kulia. Ifuatilie utaona 8 na 4 zinalipuka mfululizo upande mmoja, kisha 5 na 7 zinalipuka mfululizo upande wa pili. Ukiwa na bomba mbili za eksozi, kila moja inatoa mapigo yasiyo sawa, na hapo ndipo unapozaliwa ule mngurumo wa kudundadunda unaousikia hata gari likiwa limesimama kwenye taa. Mimi naweza kukaa kwenye benchi la gereji nisikilize injini hiyo ikipasha moto na nisichoke.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulikosa. Gari la misuli halikuanza kama gari la tajiri. General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac, ilijitoa kwenye mashindano mwaka 1963, na ilikuwa na sheria ya ndani kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Kule Pontiac, tawi lake moja, John DeLorean na wahandisi wake Bill Collins na Russ Gee walichukua injini ya 389, lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa, wakaipandisha kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati. Sheria ilihusu modeli, haikugusa vifurushi vya ziada. Basi GTO ya 1964 ikatoka kama kifurushi cha kuongeza kwenye Tempest LeMans, kwa chini ya dola 300. Wakubwa walitarajia kama 5,000 tu. Zikauzwa zaidi ya 32,000.

Walionunua walikuwa vijana, wengi wao wenye mshahara wa kiwandani. Hilo ndilo lililoyafanya magari haya yawe yalivyo: injini kubwa, bodi ya kawaida, bei inayofikika. Kwa kipimo hicho, kwangu mimi gari la misuli halisi kuliko yote ni Plymouth Road Runner ya 1968. Plymouth waliondoa karibu kila starehe. Sakafuni ni raba badala ya zulia, mbele ni kiti kimoja kirefu, mapambo karibu hakuna. Kilichobaki ni injini ya 383 yenye farasi 335, giaboksi ya gia nne, na bei iliyoanzia chini kidogo ya dola 2,900. Waliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakaweka na honi inayolia kama yeye. Walidhani watauza 20,000, wakauza zaidi ya mara mbili yake. Nikiiona Road Runner ya mwaka ule yenye raba zake za asili sakafuni nafurahi kuliko kuona gari la mnada lililong'arishwa hadi chini ya chesisi.

Hemi je? Najua kuna watakaouliza. Hemi 426 ya Chrysler, kampuni mama ya Plymouth, ni injini kubwa kwa kila maana. Ilianza kwenye mashindano, ikampa dereva Richard Petty ushindi wa mbio za Daytona 500 za 1964, na mwaka 1966 ikauzwa kwa watu wa barabarani ikitajwa kuwa na farasi 425. Mimi naiheshimu. Ila kuiweka sawa ni kazi: kabureta mbili za midomo minne kila moja, valvu za kurekebisha kwa mkono, na mafuta inakunywa bila huruma. Hata enzi zake walioinunua walikuwa wachache kwa sababu ya bei. Leo bei yake ya mnada inatokana na uchache huo, na mwenye nayo anaogopa kuitoa nje mvua ikinyesha. Gari lisiloendeshwa, kwangu, limepoteza nusu ya thamani yake.

Kuhusu hizo farasi 450. Hadi 1971 viwanda vilitangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa peke yake kwenye stendi, bila silensa za gari wala mizigo ya kawaida inayofungwa kwenye injini. Kuanzia 1972 wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vitu vyake vyote kama ilivyo garini. Ndiyo maana utakuta Chevelle ya 454 inasomeka farasi 365 mwaka 1971, halafu 270 mwaka 1972. Watu wanadhani injini iliuawa ndani ya mwaka mmoja. Sehemu kubwa ni kipimo kilichobadilika, ingawa kweli GM walishusha kompresheni, yaani kiasi injini inavyobana hewa na petroli kabla ya kuwaka, mwaka 1971 ili magari yaweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo. Wakati mwingine ilikuwa kinyume, nguvu ikatangazwa pungufu: Chevrolet Camaro Z/28 yenye injini ya 302 iliandikwa farasi 290, na kila aliyeifungua anajua ilikuwa na zaidi.

Kilichoyamaliza ni mambo mengi yaliyokuja pamoja. Bima ilipanda. Mteja wangu mmoja, mzee aliyestaafu kiwandani, aliniambia bima ya gari lake ilikuwa inamuumiza kuliko mkopo wenyewe, naye alikuwa kijana asiye na ajali hata moja. Sheria ya hewa safi ikapita 1970, kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yasiuzwe Marekani. Mwaka 1974 ukawa wa mwisho kwa GTO ya enzi ile.

Ukitaka kuwasikia wazee hao wenyewe, njoo Woodward Avenue, Jumamosi ya tatu ya Agosti. Ni barabara ile ile hapa Michigan inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac, ambako vijana wa miaka ya 60 walikuwa wakishindana kutoka taa hadi taa. Tangu 1995 kuna msafara mkubwa wa magari ya zamani. Wazee wanakaa kwenye viti vyao pembeni ya magari, na ukiwauliza swali moja kuhusu kabureta utapata jibu la saa nzima. Mimi ni mgeni wa nchi hii lakini hakuna mahali nimepokelewa kirahisi kama pale.

Sasa Chevelle yako. Kwa mwaka 1970, SS ilikuwa kifurushi juu ya Malibu, toleo la kawaida la Chevelle, kwa hiyo VIN, namba ya utambulisho ya gari, haiwezi kukuthibitishia kwamba ni SS. Inachoweza ni kukukatalia. Ikianza na 136, ni Malibu iliyozaliwa na V8, endelea kukagua. Ikianza na 135, ilizaliwa na silinda sita, hiyo 454 imewekwa baadaye na bei ya muuzaji haina msingi. Chungulia difu: kifuniko cha SS kina bolti 12. Breki za mbele lazima ziwe disiki. Uliza karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingi ilibaki juu ya tangi la mafuta. Kwenye bloku ya injini, upande wa abiria, mbele ya silinda hedi, kuna sehemu bapa yenye herufi na namba zilizogongwa. Sehemu ya namba hizo inatakiwa ilingane na VIN. Uangalie uso wake kwa makini, maana wapo wanaosaga na kugonga upya.

Halafu kutu. Ohio wanamwaga chumvi barabarani kama sisi huku. Chukua sumaku upitishe nyuma ya matairi ya nyuma na kuzunguka kioo cha nyuma, ikikataa kushika ujue hapo ni puti, ile ya kuzibia mashimo ya kutu. Inua zulia la buti, kisha lala chini na tochi uangalie chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma.

Ukikuta ni Malibu iliyovishwa beji, usiiache kwa sababu hiyo peke yake. Kama bodi ni nzima na muuzaji akikubali bei ya Malibu, inunue uiendeshe. Spea za Chevelle zinatengenezwa upya hadi leo, karibu kila paneli utaipata. Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayohimili ethanoli iliyomo kwenye petroli ya sasa, na kama kemushafti, mhimili unaofungua valvu, ni ya kizamani tafuta oili yenye zinki ya kutosha. Na kama kweli ni LS6, ile 454 ya farasi 450, kumbuka kompresheni yake ni 11.25 kwa 1, petroli ya pampu ya kawaida itaisumbua.

Kabla hujatoa hata senti ya malipo ya awali, piga picha ya ile sehemu iliyogongwa namba kwenye bloku, kifuniko cha difu, na tarakimu tatu za mwanzo za VIN, uziweke hapa. Nitazisoma siku hiyo hiyo.