Kabla ya aibu, tazama viza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni aibu kwa mtu mwenye nguvu zake kuomba msaada wa serikali huku Uingereza. Sioni aibu yoyote. Aliyekatwa kodi kwenye mshahara ana haki ya kushikwa mkono kazi ikiisha. Kinachoniuma ni watu kujinyima, wengine kujiponza, kwa kutohakiki wanachostahili.

Vikokotoo vya mtandaoni kama Turn2us na entitledto vinasaidia: unajaza umri, kipato, akiba na kodi ya nyumba. Ila serikali yenyewe inatahadharisha kwamba asiye raia wa Uingereza au Ireland hatapata jibu sahihi humo. Yaani wengi wetu!

Kuna wanandoa ambao kisa chao hakinitoki. Mume ana paspoti ya Uingereza. Mke alikuja kutoka Unguja kwa viza ya mwenza, yenye sharti la kutochukua fedha za umma. Kazi ya mume ya ghalani ikaisha. Kikokotoo kikawapa kiwango cha watu wawili. Majirani nao wakamtia mke hofu: mume akiomba tu, viza yako inafutwa. Wakakaa kimya hadi kodi ya nyumba ikawaelemea. Kikokotoo kilikosea, na majirani walikosea. Mume alikuwa na haki ya kuomba Universal Credit, msaada wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, amtaje mkewe bila kuficha, alipwe kiwango cha mtu mmoja, huku kipato na akiba za wote wawili zikihesabiwa. Mke asingevunja sharti lolote. Na miezi ile ya ukimya haikulipwa, maana malipo ya nyuma hayavuki mwezi mmoja, tena kwa sababu maalumu kama ugonjwa. Laiti mke angekuwa ameajiriwa na kuchangia National Insurance (bima ya taifa) ya kutosha, angeweza hata kudai New Style JSA, malipo ya mtafuta kazi, akipoteza kazi, kwani hiyo haimo katika fedha za umma.

Kwenye akiba ndiko wengi wanakonasa. Ikizidi pauni 16,000, hupati Universal Credit. Kuanzia 6,000, kila pauni 250 za ziada zinakata 4.35 kwa mwezi. Mwenye 10,000 anapunguziwa 69.60. Kiwanja cha Kigamboni nacho kinahesabiwa, kwa bei ya soko kasoro asilimia 10 kwa ajili ya gharama za kuuza. Hela ya mchezo (upatu) ikipitia akaunti yako, tunza daftari la wanachama, uonyeshe si yako.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ombeni nyote. Sasa nasita. Mkimbizi aliyekubaliwa aombe mara moja. Raia anayerejea kutoka Muscat aombe pia, lakini awe na ushahidi kwamba amehamia kweli: mkataba wa nyumba, shule ya watoto. Mwenye viza ya sharti asidai Universal Credit kwa jina lake kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Na kama yuko kwa viza ya mwenza na hana hata cha kula, huyo mshauri amwombee kwanza sharti liondolewe.