Mwanangu, umeniuliza kuhusu Lina Merlin

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na yale uliyoniandikia kuhusu Lina Merlin, yule seneta wa zamani wa Italia, yalinifanya nitafute mengine kwenye simu mpaka nyanya yako akaniuliza kama kuna msiba. Unasema hapo Padova darasa lenu liligawanyika. Wengine wanasema mama yule aliwakomboa wanawake wa Italia alipoyafunga madanguro yaliyokuwa na leseni ya serikali mwaka 1958. Wengine wanasema aliwatoa ndani akawatupa barabarani. Nawe ukaniuliza: "Mama, alifanya vyema au alikosea?"

Nitafika huko. Lakini mimi mwalimu, na huyu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa chochote kingine, kwa hiyo niache nianzie darasani.

Alizaliwa Pozzonovo mwaka 1887, si mbali na hapo ulipo, akakulia Chioggia. Mwaka 1919 akaingia chama cha Wasoshalisti. Ilipofika 1926, walimu walitakiwa waape utii kwa utawala wa Mussolini. Akakataa. Akafutwa kazi, kisha akakamatwa, akahukumiwa miaka 5 ya kuishi Sardinia chini ya macho ya polisi. Wewe uliyelelewa kwa mshahara wa mwalimu unajua tarehe 25 ilivyokuwa nyumbani kwetu, na unajua tarehe 26 ilivyokuwa. Mtu anayeukataa mshahara huo kwa ajili ya maneno machache ya kiapo, wakati wenzake wengi wanaapa na kurudi ubaoni, huyo nikimsoma naketi wima. Vita ilipokuja alikuwa Milano, mjane tayari, na mwaka 1943 akawa miongoni mwa walioanzisha vikundi vya wanawake vya kuwasaidia wapiganaji wa msituni dhidi ya Wafashisti na Wajerumani.

Wanawake wa Italia walipiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Juni 1946. Bunge lililoandika katiba yao lilikuwa na wajumbe 556, na wanawake 21 tu. Yeye alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyesisitiza kwamba kifungu cha 3, kinachosema raia wote ni sawa mbele ya sheria, kitaje jinsia waziwazi, kabla ya rangi, lugha na dini. Asingesisitiza, mwanamke angebaki kudhaniwa yumo.

Unajua ninavyosema siku zote: mtu huonewa kwenye karatasi kabla hajaonewa barabarani. Mjomba wako amechoka kunisikia, lakini sasa nimempata seneta wa kunisaidia. Maana wenzako wanabishana kuhusu 1958, na mimi jicho langu limekwama kwenye 1955.

Mpaka mwaka huo, mtoto wa Italia asiyejulikana baba aliandikiwa herufi mbili kwenye karatasi zake: N.N., yaani kwa Kilatini "jina silijui". Anakwenda nazo shule, anakwenda nazo jeshini, anakwenda nazo kuomba kazi. Merlin alikuwa Seneti tangu 1948, akalipigania jambo hili, na sheria ya Oktoba 1955 ikaondoa majina ya baba na mama kwenye nakala za vyeti na vitambulisho. Angalia hapo, mwanangu. Ni majina ya wazazi wa watoto wote yaliyoondolewa, hata wa waliozaliwa ndani ya ndoa, ili karatasi ya mmoja isitofautiane na ya mwenziwe. Niliposoma hayo niliiweka simu chini.

Kwa nini niliiweka chini, wewe unajua, ingawa hatujapata kulizungumza. Ulikuwa huna hata meno ya mbele. Tulikuwa kwenye foleni ya kukuandikisha shule, nimekushika mkono, cheti chako cha kuzaliwa nimekitia kwenye bahasha kisikunjike. Pale kwenye jina la baba zilipigwa X, kama walivyowapigia watoto wote wa Kenya ambao mama zao hawakuwa na ndoa ya kuonyesha. Baba yako alikuwa hai, anajulikana, mtaa mzima unamjua na sura yako unaijua. Karatasi haikumjua. Karani akainua cheti juu kidogo, kama anayetafuta mwanga, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Huyu hana baba?"

Wewe ukamjibu kabla yangu. Ukasema, "Mama yangu ni mwalimu." Kana kwamba ameuliza hilo! Nyuma yetu mtu alicheka. Yule mama wa Kisauni aliyekuwa na pacha hakucheka, alisogea mbele akasimama sambamba nami, na mpaka leo namwombea. Nikamwambia karani aandike jina langu. Akaliandika kwa penseli. Watoto wote wa ukurasa ule wameandikwa kwa wino, wewe peke yako kwa penseli, kwa sababu, alisema, "huenda tukapata maelezo zaidi." Nikafungua mkoba nikatoa kalamu yangu ya kusahihishia, nikaligeuza daftari lake, nikapita juu ya penseli yake kwa wino mwekundu, jina langu la kwanza, la pili na la tatu. Hakunizuia. Ukurasa mzima ulikuwa wa buluu na mstari wetu mwekundu. Nikikumbuka sauti yake damu inanichemka, na nikiukumbuka mstari ule nafurahi kama nimetoka kuuandika asubuhi hii.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kile kifungu cha 12 cha sheria yetu ya kuandikisha vizazi na vifo, kilichowaletea zile X, kinawabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshasema kwamba wajibu wa mtoto ni wa baba na mama, wameoana hawakuoana. Nilifurahi siku ile, nikakupigia simu, ukaniambia uko kazini. Lakini niliposoma habari za Merlin nikaanza kujihoji. Kwetu tulidai jina la baba liingie. Yeye alitaka pasiwe na mahali pa kuuliza. Lipi bora? Nikiwa mama wa foleni ile nasema la kwake. Nikiwa mama anayejua baba fulani alitembea mjini mikono mifukoni miaka yote ile, nasema hapana, aandikwe, tena kwa wino. Nimelala na hayo, nikaamka nayo.

Haya, madanguro. Usidhani nakwepa.

Nilivyoelewa, serikali iliwapa wenye nyumba zile leseni, ikapanga bei, ikachukua kodi. Wanawake waliandikishwa polisi na kupimwa kwa lazima, wakahamishwa nyumba hadi nyumba kila baada ya siku 15 ili wateja waone sura mpya. Merlin alipeleka mswada wake mwaka 1948 na sheria haikukamilika mpaka 1958: miaka 10 ya kuchekwa na wanaume wenye suti. Nyumba zaidi ya 500 zikafungwa Septemba mwaka huo. Wanawake wa ndani walimwandikia barua. Wapo waliomwambia funga, wapo waliomwambia ukifunga tutakula nini?

Hilo la mwisho halijaniacha. Nimefundisha watoto ambao mama zao walitoka jioni. Hapa Mombasa meli zikitia nanga kila mtu anajua ni nani anayenunua madaftari kesho yake. Mama hao walikuja kwenye mikutano ya wazazi, walikaa nyuma, na watoto wao hawakuja na nguo chafu. Mtu akiniambia atawafungia mlango kwa wema wao, nitamuuliza amewafungulia upi. Wenzako wanaosema aliwatupa barabarani si wapumbavu. Barabara ni baridi, na mwanamume anayesubiri kuchukua hela yao pembeni ana roho mbaya kuliko mwenye nyumba.

Lakini tena! Mwenye nyumba alikuwa na leseni ya serikali ukutani. Serikali inayokula kodi ya mwili wa mwanamke itamtetea vipi akienda kushtaki? Nikifika hapa namwona Merlin ana haki tupu, nataka kukuandikia hivyo kwa herufi kubwa na kuifunga bahasha. Kisha nawakumbuka wale wa viti vya nyuma, kalamu inasimama. Hukumu ninayo mdomoni, mwanangu, na ungekuwa hapa kwenye mkeka ungeniona ninavyoimeza kwa shida. Sitaitoa. Walioandika zile barua ndio wenye kuitoa, na hata wao hawakukubaliana.

Ila waambie wenzako jambo moja. Wote mnabishana juu ya milango. Sheria ile ina kifungu cha 7, kinachowakataza polisi na watu wa afya kuwaandikisha wanawake wanaofanya kazi ile kwa namna yoyote, au kuwalazimisha wabebe karatasi maalumu. Mwanamke akiamua kuacha, hakuna daftari la kumfuata kwa bwana harusi, kwa mwajiri, wala kwenye shule ya mwanawe. Mtu huonewa kwenye karatasi kwanza, na mama huyu alilijua hilo miaka mitatu mapema, kwa wale watoto wa N.N.

Mwulize yule kijana wa Vicenza uliyesema anabisha kuliko wote, kama amekisoma kifungu hicho. Halafu niandikie amejibu nini, na uniambie kama umeshanunua koti.

Mamako