Kabla Hujakopa Kununua IST, Ijue Kwanza Lita

Kuna kijana wa Morogoro amenitumia ujumbe wiki hii. Mkopo wake umepita, anataka kununua Toyota IST, ahamie Dar aingie kwenye teksi za mtandaoni. Ameandika, "Dada, mafuta yameshuka mwezi huu, si ndiyo wakati wenyewe?" Wa aina yake wananiandikia wengi, na hata ninyi msioandika najua mnawaza hilohilo, maana nani asiyetaka kumiliki chombo chake? Basi ngoja nimjibu hapa tusikie wote.

Mdogo wangu, mafuta kushuka mwezi mmoja si sababu ya kununua gari. Ukitaka kudumu kwenye hii kazi, ijue lita. Ijue ndani nje. Lita ndiyo iliyonitoa kwenye kuendesha gari la mtu ikanifikisha kwenye magari matatu yenye jina langu kwenye kadi. Kuna watu walinicheka wakati ule ambao leo wananiomba namba ya fundi. Namba nawapa. Kicheko chao bado nakikumbuka.

Nilikuwa naendesha IST ya tajiri mmoja kwa hesabu. Wenye kazi mnajua maana yake: jioni hesabu yake iwe kamili, mafuta juu yangu, kuosha juu yangu, trafiki juu yangu. Yeye servisi na tairi, tena ukimkumbusha anakasirika. Tukaenda hivyo vizuri tu mpaka ukafika 2022. Vita vya Ukraine vikaanza, na kufika Mei petroli Dar ilikuwa imeshavuka elfu tatu. Agosti ikagonga Sh3,410, na hiyo ilikuwa imeshawekewa ruzuku. Daladala angalau walipata nafuu, LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, ikawapandishia nauli ya safari fupi kutoka 400 hadi 500. Sisi wa mtandaoni bei anapanga mwenye programu, abiria anaiona kwenye simu kabla hajapanda, na ukimwomba akuongeze mia tano anakupa nyota moja.

Nikamfuata tajiri na daftari langu. Nilikuwa naandika kila kitu: kilomita za asubuhi, kilomita za jioni, lita nilizojaza, nilichouza. Nikamwonyesha kwamba gari linatembea vilevile, abiria ni walewale, ila ninachobaki nacho hakitoshi hata kula mchana. Hakulifungua. Akaniambia, "Kwani mafuta nimepandisha mimi?" Hesabu haikushuka hata mia. Wiki iliyofuata akaniita nirudishe funguo, kuna kijana amekubali kuleta zaidi. Nililia siti ya nyuma ya daladala ya Mbagala, na konda akanidai nauli mara mbili.

Ila lile swali lake nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Kama si yeye, ni nani?

EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo sheli hairuhusiwi kuipita, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Watu wengi wanaangalia namba moja, Dar petroli shilingi ngapi, wanatukana kidogo kwenye magrupu, wanafunga simu. Mimi nilianza kusoma taarifa yote hadi chini, bei za Dar, Tanga na Mtwara, na hesabu ya namna bei inavyojengwa. Hapo ndipo nilipoanza kupata akili. Ndani ya lita ya petroli kuna tozo ya barabara, 413. Kuna ushuru wa bidhaa, 379. Kuna 100 ya umeme vijijini. Kuna 100 nyingine iliyoingia kwa bajeti ya 2023, ya miradi mikubwa. Mwaka 2025 ikaongezwa 10 kwa ajili ya UKIMWI na bima ya afya, baada ya Marekani kupunguza misaada. Jumlisha mwenyewe: ni kama elfu moja kwenye kila lita, na hapo hujagusa ada ndogondogo. Dereva anayechoma lita kumi kwa siku anaacha sheli kama elfu kumi ya kodi kabla hajalipa hata shilingi ya mafuta yenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kijana wetu anapopotea. Tozo hizi ni shilingi kamili kwa lita, si asilimia. Mafuta ya dunia yakishuka, zenyewe hazishuki. Katikati ya 2020, wakati wa korona, petroli Dar ilishuka chini ya 1,600. Tulishangilia. Lakini kodi ndani yake ilikuwa karibu 800, yaani nusu ya bei. Miaka miwili baadaye bei ilipopita mara mbili, kodi ilikuwa karibu 900 tu. Kwa hiyo bei ina sakafu. Ukiona imeshuka usidhani itaendelea kushuka, ipo sehemu itagonga zege. Na sakafu yenyewe kila baada ya miaka michache inanyanyuliwa.

Kwa majirani zetu Kenya ni tofauti kidogo. Wao wana VAT juu ya mafuta, sisi hatuna. Julai 2023 VAT yao ilitoka asilimia 8 ikaenda 16, na Oktoba mwaka huohuo petroli Nairobi ikafika Sh217 na senti za kwao. Asilimia ina ubaya wake: soko likipanda na kodi inapanda nalo. Wakenya wenyewe walishaikataa hiyo 16 mwaka 2018, Rais Kenyatta akaishusha hadi 8, halafu ikarudi mlango wa nyuma. Kwetu hakuna kelele kubwa hivyo kwa sababu yetu haionekani.

Na ndiyo maana wanasiasa wanaipenda. Mafuta yanaingia kwa meli, kwa waagizaji wanaohesabika, kodi inashikwa hukohuko juu. Hakuna afisa wa kumfukuza mtu Kariakoo, hakuna mashine ya risiti, hakuna wa kukwepa. Wewe unaona bei tu, na bei ikiuma unaambiwa soko la dunia. Mei 2022 Bunge lilichemka, Serikali ikatoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi Juni. Mnaona walichochagua? Tozo haikuguswa, ikaletwa ruzuku. Tozo ina wenyewe, barabara na umeme, ukiitoa kuna mkandarasi atasimama. Ruzuku unaitoa kwa hotuba na unaiondoa kimya kimya. Ningekuwa waziri pengine ningefanya hivyohivyo.

Mimi si mpinga kodi, nisieleweke vibaya. Ile 100 iliyoongezwa 2021 kwenye tozo ya barabara ilisemwa ni ya barabara za vijijini, za TARURA, na barabara ya kwa mama yangu kule Lushoto siku hizi ina kifusi, nafika hadi mlangoni hata mvua ikinyesha. Kinachoniuma ni nani anaibeba. Mnakumbuka ada ya mwaka ya leseni ya gari? Mwaka 2017 Waziri wa Fedha, Mpango, aliifuta, na madeni ya nyuma yakasamehewa, wenye magari yaliyolala juu ya mawe wakapumua. Badala yake ushuru ukapanda Sh40 kwa lita. Petroli, dizeli, na mafuta ya taa pia. Yaani leseni ya gari ya mtu wa Masaki sasa inalipwa na mvuvi wa Kilwa mwenye boti ya injini, na mwenye mashine ya kusaga, na bibi mwenye koroboi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Hili halijadiliwi kabisa.

Na hiyo ya mafuta ya taa ina historia mbaya. Zamani yalikuwa na ushuru mdogo, Sh52 kwa lita, wajanja wakawa wanachanganya na dizeli. Kuchakachua. Injini zilikufa, mafundi walineemeka. Bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi Sh400 na senti ili uchakachuaji usilipe tena. Kwa injini ilikuwa dawa. Kwa jikoni kwetu, jiko la mchina lilipandishwa juu ya kabati na halikushuka tena, mama akaanza kununua mkaa wa kopo. Wewe uliyeko Morogoro unajua mkaa unatoka wapi, unayaona magunia yamepangwa kando ya barabara. Kodi ya mafuta ikipangwa bila kumuuliza mpishi, msitu ndio unalipa. Halafu angalia ushuru wa bidhaa wa dizeli, 255, wakati wa petroli ni 379. Dizeli ndiyo yenye moshi mweusi unaotuingia puani pale Ubungo, lakini dizeli inabeba mahindi na saruji, nani atathubutu? Mazingira kwenye hizi kodi ni abiria wa kusimama.

Sasa tuje kwenye gesi, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Baada ya kunyang'anywa lile gari nilikaa na kikoba, nikapata mkopo, nikanunua IST yangu mwenyewe iliyochoka. (Magari yaliyozidi miaka kumi yana ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ndiyo maana ukiona bei ya Japani unacheka na ukiona bei ya bandarini unanuna.) Nikafunga mfumo wa gesi asilia. Karibu milioni mbili. Madereva wenzangu kijiweni waliniita mama bomu. Nikawaacha waseme. Gesi ya Songo Songo ni ya hapahapa nchini, haipiti bandarini, haisubiri meli, na kilo moja, niliyokuwa nanunua Sh1,550, inanipeleka mbali kuliko lita ya petroli.

Sikudanganyi kwamba ni raha tupu. Vituo ni vichache. Usiku utakuta foleni ya bajaji na IST imezunguka ukuta, mtu amelaza kiti amelala mdomo wazi, wengine wanacheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya boneti. Zamu yako ikifika unafungua boneti, abiria kama yupo anashuka, kijana anachomeka mpira, unasikia mlio mkali halafu mtungi kwenye buti unalia tik, tik. Mshale wa presha ukifika 200 anachomoa. Buti yote imeliwa na mtungi, ukimpata abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku mnaanza kugombana. Na ukitoka Dar kwenda mikoani unarudi kwenye petroli kama kawaida.

Lakini hata hapa, narudia, ijue lita. Mimi nikiwa kwenye gesi sichangii ile 413 ya barabara, na barabara naitumia kila siku. Unadhani hazina hawajaona? Juni 2024 lilipelekwa bungeni pendekezo la Sh382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Wazo lenyewe linatosha kukuonyesha upepo unakoelekea: magari yakihamia gesi na umeme kwa wingi, mfuko wa barabara utatafuta pa kushika. Kwa hiyo ukifunga gesi, piga hesabu kama vile tozo imeshafika. Ukiona bado unapata, funga.

Kijana wangu, fanya hivi. Nunua daftari kabla ya gari. Tafuta dereva wa IST hapo Msamvu, mwombe uandike kilomita zake na lita zake, uone gari linakula nini hasa, si la kwenye matangazo. Kisha chukua hesabu zako zote ulizompelekea mtu wa mkopo, weka petroli ya Agosti 2022, ile 3,410, halafu ongeza mia, maana waziri anakuja na bajeti kila Juni. Kama rejesho linatoka hapo, nenda. Kama halitoki, mafuta kushuka mwezi huu hakutakuokoa, na mwenye mkopo hatasoma taarifa ya EWURA.

Usilalamike kama hujaandika. Vijana mnapenda kulalamika! Mnaamka mnawasha data, mnatukana Serikali, mnalala. Mtu anaendesha miaka mitano hajui gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Huyo hata apewe mafuta bure atafilisika kwa kitu kingine. Andika. Kila siku andika, hata siku umeuza vibaya, hasa siku umeuza vibaya.

Na siku utakapompa mtu mwingine gari lako kwa hesabu, muandikiane: petroli ikipita bei fulani, hesabu inashuka kwa kiasi fulani, ikirudi inapanda. Madereva wangu wawili tuna karatasi hiyo, imesainiwa, na ilishatumika. Nilipata kidogo miezi hiyo. Hakuna aliyeniachia gari.

Umeuliza pia rangi. Chukua nyeupe au ya fedha, zinauzika haraka. Hiyo nyekundu uliyonitumia picha yake, hapana.