Tambi nyeusi na mtoto aliyeficha mikono

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kuhusu Halloween, ile sikukuu ya vinyago na maboga ya mwisho wa Oktoba: "Mwanao akitaka kuisherehekea, utamruhusu?" Majibu mtakayopata nayajua. Kuna watakaosema ni sikukuu ya mashetani, na watakaosema ni pipi tu, waacheni watoto. Mimi mashetani hawanisumbui. Nimezaliwa Tanga, na wa kunitisha kwa fuvu la plastiki bado hajazaliwa. Kinachonisumbua ni tambi.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulea watoto hapa Columbus, Ohio, Marekani, darasa la miaka mitatu. Oktoba ikiingia tu, chakula kinageuka mchezo. Kuna upande ambao sina ugomvi nao. Ndizi inakatwa katikati, inasimamishwa, inachomekwa vipande viwili vya chokoleti kuwa macho, tayari ni mzuka. Chenza linamenywa, linapachikwa kijiti cha selari juu, tayari ni boga. Mtoto anatengeneza, anacheka, anakula. Ugomvi wangu ni beseni. Tambi zinachemshwa, zinatiwa rangi nyeusi, eti minyoo. Wanga wa mahindi unavurugwa na maji, vikombe viwili kwa kimoja. Ukiufinya unakaza, ukiuachia unatiririka, eti uteute wa zimwi. Wanasema ni michezo ya kuamsha hisia: mtoto ashike, anuse, afinye, akitaka aonje. Baadaye vyote vinaishia kwenye pipa la taka. Mimi niliyelelewa kuokota punje ya wali iliyodondoka mkekani, nikiziona tambi zile, ambazo kwetu zingetiwa nazi na sukari zikawa futari, roho inaniuma. Chakula hakichezewi. Nilipoanza kuandika barua hii sikuwa na jibu jingine.

Lakini kuna kisa lazima nikieleze.

Mwaka fulani tulikuwa na mvulana mmoja, wazazi wake Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Ohio. Yeye kazaliwa hapa hapa. Siku ya beseni wenzake walizama mpaka viwiko, tambi shingoni, tambi kwenye nywele. Yeye akasimama kando ya kabati, mikono kaificha mgongoni. Mwalimu wa darasa, binti wa Kimarekani mwenye moyo mzuri, akambembeleza kwa wimbo, kwa kijiko, kwa glavu. Wapi! Mwishowe akaandika kwenye ile karatasi ya kila siku inayokwenda kwa wazazi kwamba mtoto anaogopa kushika vitu vyenye majimaji, huenda akahitaji kuangaliwa na mtaalamu.

Siku hiyo alikuja kuchukuliwa na bibi yake, na alikuja mapema. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika "Marahaba" kama mtu wa Kasulu. Akaliangalia beseni. Akaliangalia tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mwalimu, hii chakula munaenda kuitupa?" Mwalimu mwenzangu naye akataka kujua bibi anasemaje. Nikamwambia anauliza kama tambi zimetiwa chumvi. (Ukifanya kazi na watu wa lugha mbili utanielewa.) Ningemwambia nini? Mama aliyekula miaka kwa mgawo wa unga, maharage, mafuta na chumvi, asimame mbele ya tambi za minyoo nimfasirie kwamba ni elimu?

Nikamsomea na ile karatasi. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Huyu anashika bugali tangu hajaota meno!" Kumbe mtoto hakuogopa chochote. Nyumbani ameambiwa chakula hakichezewi, na yeye ni msikivu.

Kisha bibi akaketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, akavuta trei ya matumbo ya boga ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa bado, akaanza kutenga mbegu na nyuzinyuzi. Hakusema neno. Mjukuu akachomoa mikono mgongoni, akaingiza yote miwili. Muda si muda watoto wameizunguka meza, tambi zimesahauliwa, kila mmoja anatafuta mbegu utelezini na kuisukuma kwenye bakuli. Bibi akaondoka na mbegu zake kwenye mfuko, kesho yake akatuletea zimekaangwa na kutwangwa na chumvi. Watoto kanuni hazikuturuhusu kuwapa chakula cha kutoka nyumbani. Tulizila sisi wafanyakazi.

Kwa muda mrefu kisa hicho nilikitumia kama ushahidi wangu. Nilikuwa nasema: mtoto anayekula ugali kwa mkono ana beseni lake kila siku. Anamega tonge, analifinyanga, analitoboa kwa kidole gumba ili lichote mchuzi. Wanaolishwa kwa uma ndio wanaohitaji kuundiwa minyoo. Ningeweza kuishia hapo nikalala usingizi mzuri. Tatizo ni kwamba wanangu wenyewe wanakula kwa uma. Chapati zangu natoa kwenye friza, zimekandwa kiwandani. Mama yangu alikuwa akikanda anatukatia donge, tunalifinyanga mpaka linakuwa jeusi, kisha analikaanga pembeni mwa chapati za watu na tunalila hivyo hivyo. Mchezo ule haujafika Ohio kwa sababu mimi sikuuleta.

Kwa hiyo jibu langu, na najua silo nililoanza nalo: ndiyo, mruhusuni, hata achezee chakula. Ila kichezewe kinacholiwa baadaye, au ambacho kingetupwa hata hivyo, kama matumbo ya boga. Yale maboga ya kuchonga yana maji mengi, ukiyapika kwa nazi hutayafurahia, mbegu zake ndizo tamu. Tambi, sawa, mara moja, na ziwe chache.

Na hata donge la mama lina kasoro yake. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya wazazi wasiwape watoto unga mbichi kuchezea, baada ya watu kuugua kwa bakteria wa E. koli waliokuwa kwenye unga. Maharage mekundu makavu yana sumu mpaka yachemke sawasawa, kwa hiyo si ya kumjazia trei mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Jeli, ulizeni imegandishwa na nini. Nyingi hapa ni za nguruwe, ingawa zipo za karajini, inayotokana na mwani kama ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar. Vile vishanga vinavyovimba majini ndivyo visiingie nyumbani kabisa, maana mtoto akivimeza vinavimba na kuziba utumbo. Amazon, Walmart na Target ziliacha kuviuza kama vitu vya watoto mwishoni mwa 2023. Lowekeni mbegu za rehani, zile za faluda, zinateleza vile vile na zinalika. Na zabibu za macho ya zimwi zikatwe kwa urefu, mara nne, asipaliwe mtu, hata kama zimwi litatoka na makengeza.